Tambi za Mchicha kabla ya Magharibi

Kila alasiri, Swafiya wa kijiji cha Chundwa alifanya kazi zake kama wanawake wenzake. Alichota maji kisimani, akafagia ua, akakaa kusuka ukili. Mumewe, Jamaludin, alikuwa shambani. Shamba lao lilitoa simsim, mabilingani, nyanya na mchicha. Mboga ziliuzwa zote. Nyumbani hazikupikwa, kwani Swafiya alisema majani ni chakula cha mbuzi.

Binti yao mdogo aliitwa Mwanamkisi. Aliugua surua, Mungu akamponya. Lakini watu walimwambia Swafiya kwamba mtoto aliyetoka surua asile samaki wala mboga, vipele vitarudi. Basi akampikia tambi za nazi na sukari, asubuhi na jioni. Tambi tamu, wajukuu zangu, ni chakula cha sikukuu. Mtoto gani atakataa sikukuu ya kila siku?

Kisha jambo likatokea. Mchana Mwanamkisi aliona vizuri. Jua likikaribia kuzama, alianza kupapasa ukuta. Alijikwaa kizingitini. Akila, mkono uliangukia nje ya sahani, naye akalia kwa hofu. Jamaludin alidhani ni jicho la watu. Alimsomea dua, akamwandikishia kombe, aya za Kurani zilizooshwa kwa maji, akanywa. Hali haikubadilika.

Jioni moja, jirani yao Bi Tima alikuja kuomba kaa la moto. Huyu alikuwa mjane. Zamani aliishi Kismayu na marehemu mumewe, akipika katika nyumba ya Mtaliana. Alimwona mtoto akipapasa. Akauliza anakula nini, Swafiya akamweleza.

Bi Tima akamwinua mtoto uso, akamtazama macho. Kisha akasema, "Swafiya, tumbo la mtoto huyu limeshiba, lakini macho yake yana njaa. Mpelekeni zahanati kesho. Mkikawia, hata mchana hataona."

"Na dua je?" Swafiya akauliza.

"Dua haikatazwi. Na mboga haikatazwi."

Kesho yake Jamaludin alimbeba mtoto hadi zahanati. Mganga alimtazama macho, akampa dawa. Akasema surua huwamaliza watoto nguvu ya macho, na asiyekula vizuri hupofuka. Mtoto ale mboga za majani, boga, maembe mabivu, na samaki wakipatikana. Mboga zipikwe kwa mafuta kidogo, ili mwili uzipokee.

Lakini Mwanamkisi alizoea utamu. Mchicha aliutema. Na ilipasa ale mapema, kabla ya giza kumtisha. Swafiya akamshika mtoto mkono, akaenda kwa Bi Tima akiwa amekata tamaa.

"Zile tambi zako ziko wapi?" Bi Tima akauliza. "Zilete. Sukari iache."

Alibandika chungu cha maji na chumvi. Maji yalipokuwa yakichemka, akakaanga vitunguu na saumu kwa mafuta ya simsim. Akatia bilingani lililokatwa vipande vidogo, halafu nyanya, akafunika. Tambi akazitia katika maji ya moto. Akazionja, akazichuja zikiwa laini lakini hazijawa uji. Mchicha akautia mwisho, ukanywea tu, akaepua. Kisha akachuma majani ya rehani uani.

"Bi Tima, rehani ni ya kikuba cha kunukia kifuani," Swafiya akasema. "Wataka tuivae au tuile?"

"Wataliana hawajui vikuba, maskini. Wao huitia chunguni."

Swafiya akauliza kwa sauti ya chini kama chakula hicho hakina haramu.

"Haramu iko wapi? Mchicha wa mumeo, simsim ya mumeo. Hata nyama haimo."

Akachanganya vyote, akamgeukia mtoto. "Kitendawili."

"Tega," Mwanamkisi akajibu.

"Wameingia kuoga wakavu kama vijiti, wametoka wamelegea."

Mtoto akafikiri. Akasema ni wavuvi. Bi Tima akacheka, akamwambia aonje ajue. Mwanamkisi akaonja. Akatafuna polepole, akasema, "Tambi." Akaonja tena. Jua lilikuwa bado juu ya minazi.

Tangu hapo Swafiya alipika hivyo mara kwa mara, na siku nyingine boga au samaki. Mtoto alimaliza dawa. Mchicha wa shambani ukawa hauuzwi wote. Lakini kila jioni mama alimtazama binti yake kwa hofu, asithubutu kuuliza.

Siku moja walichelewa kula. Magharibi ilikuwa imekaribia na taa haijawashwa. Swafiya alisikia kidole kikikwaruza sahani. Mwanamkisi alikuwa akichagua vipande vya bilingani, kimoja kimoja, akivisukuma ukingoni.

Swafiya alifungua kinywa kumkemea. Kisha akaitazama taa.

"Mwanangu," akasema, "wayaona mabilingani?"

"Nayaona. Siyataki."

Swafiya akayaokota, akayala yeye, moja moja, na machozi yakimtoka.