Araba Aliulizwa Mara Tatu

"Yaani umekubali mimi niolewe kila Jumamosi," Araba alisema, akifunga donge la kenke, unga wa mahindi uliochachushwa, kwenye jani la mgomba. "Na bwana harusi si wewe."

"Ni maigizo tu, mpenzi," Fiifi alijibu. "Mgeni wa hoteli anavishwa vazi la kente, anakaa karibu yako, watu wanapiga makofi, basi."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nitashika kipaza sauti. Nawatafsiria wageni."

"Aha. Mpenzi wangu ananioza, kisha anatafsiri."

Fiifi alicheka peke yake. Kijana mzuri, meno kama ya tangazo la dawa ya mswaki, ila kuongoza watalii kulikuwa kumemwingia damuni. Kila kitu kwake ni cha kuonyeshwa. Miaka miwili sasa alikuwa akiahidi kupeleka kinywaji cha posa kwa wajomba wa Araba. Na huku pwani kwetu, kwa Wafante, mwanamume asiyepeleka kinywaji ni mpita njia, hata akila kenke za nyumba nzima.

"Getini hoteli imeandika kwamba inajali jamii," alibembeleza. "Meneja wetu, Madamu Dedei, anasema wageni wa siku hizi wanataka maisha halisi."

"Wanataka maisha halisi, mnawapa ndoa ya uongo."

"Madamu asipopata bibi harusi hapa, atamtafuta kijiji cha pili. Na kenke atanunua hukohuko."

Hapo Araba akatazama pembeni yake. Kina mama waliofunga kenke pamoja naye wote waliitegemea hoteli ile.

"Mjomba Kwansa naye?"

"Keshakubali. Kwenye chupa tutatia maji."

"Mara moja tu," Araba alisema. "Halafu mimi na wewe tutazungumza."

Jumamosi ikafika. Bwana harusi alikuwa mzee Joost, Mholanzi mjane, mpole, anayetoka jasho ndani ya kente mpaka unamhurumia. Madamu Dedei alikaa mbele kama mama mkwe. Fiifi alisimama na kipaza sauti chake. Mjomba Kwansa akainua chupa.

Desturi ni hii: binti huulizwa mara tatu mbele za watu kama kinywaji kipokewe. Akikubali ya tatu, mjomba huwamwagia wahenga kidogo ardhini, na hapo mtu ni mke wa mtu.

"Araba, hawa wamekuja na kinywaji. Tukipokee?"

"Kipokeeni, Mjomba."

Kamera zikalia.

"Tukipokee?"

"Kipokeeni."

Mjomba akafungua kifuniko ili awe tayari. Harufu ya pombe kali ikampiga puani, mkono ukasimama hewani.

"Madamu," alisema polepole, "haya si maji."

"Wageni wamelipia uhalisi, Mzee wangu. Nimenunua kitu chenyewe. Endelea tu."

Mjomba akamgeukia Araba, na sasa sauti haikuwa ya maigizo.

"Mwanangu, wahenga hawajui maigizo. Umeshaitikia mara mbili. Ukiitikia tena nikamwaga, wewe ni mke wa huyu mzee."

Joost, alipoona macho yote kwake, akatabasamu na kupunga mkono.

Araba akamtazama Fiifi.

"Fiifi. Nijibu nini?"

Fiifi akamtazama Madamu. Akazitazama kamera. Akashusha kipaza sauti.

"Sema ndiyo tu. Tutatengeneza baadaye."

"Tutatengeneza nini? Mimi, au kazi yako?"

Fiifi akamtazama Madamu tena. Araba akamgeukia Mjomba.

"Mjomba, niulize ya tatu."

"Tukipokee?"

"Hapana. Warudishieni."

Wageni wakapiga makofi, wakidhani ndiyo mwisho wa mchezo. Joost peke yake hakupiga. Akamvuta Fiifi shati.

"Amesema nini?"

Fiifi akatafsiri kwa uaminifu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Amekukataa," alisema. "Na mimi pia amenikataa."

Kesho yake simu ya Araba ikaingia ujumbe kutoka kwa Fiifi: "Nisamehe. Madamu amekasirika. Kenke zenu hanunui tena."

Araba akajibu: "Mwambie na samaki hatauziwa. Na ngoma hatapigiwa."

Hakuwa anatania. Alipita nyumba kwa nyumba, akaanzia kwa wauza samaki, akamalizia kwa wapiga ngoma. Hoteli ikabaki na bwawa lake na ukuta wake. Haikupita wiki, Madamu Dedei akaja mwenyewe mekoni kwa Araba, viatu mkononi kwa sababu ya matope.

"Wageni wanauliza ngoma ziko wapi."

"Ziko hapahapa. Hazijahama."

"Unataka nini, dada yangu?"

"Harusi haiuzwi. Msiba hauuzwi. Mgeni akija kwetu, tumemwalika sisi, anakaa benchi moja na sisi, na kabla ya kupiga picha anaomba. Ngoma na kenke, siku na bei tunapanga wenyewe."

"Na nikikataa?"

Araba akamsogezea jani la mgomba na donge la unga.

"Basi funga mwenyewe."

Madamu akajaribu. Donge likamdondokea mapajani. Kina mama wakamgeuzia migongo ili wacheke kwa adabu.

"Sawa," alisema. "Mmenishinda."

Jioni Fiifi akapiga simu.

"Nimemrudishia Madamu kipaza sauti."

"Hongera. Sasa umebaki na mdomo."

"Araba, siku ile nilimwogopa Madamu kuliko nilivyoogopa kukukosa. Sina cha kujitetea."

"Unataka nini?"

"Jumamosi nakuja na wajomba zangu. Na chupa yangu mwenyewe."

"Njoo. Jibu sijakuahidi."

Jumamosi hiyo ua wa Mjomba Kwansa ulijaa, na hakuna aliyelipa. Joost naye alialikwa. Alikuja na shati lake la kawaida na mfuko wa mchele mgongoni.

"Leo mimi ni nani?" aliuliza.

"Leo wewe ni mgeni," wakamwambia. "Kaa, ule."

Mjomba akainua chupa.

"Tukipokee?"

"Kipokeeni."

"Tukipokee?"

"Kipokeeni."

"Araba, tukipokee?"

Araba akarekebisha shanga za shingoni, moja baada ya nyingine. Jasho lilimtiririka Fiifi kuliko lilivyomtoka Joost ndani ya kente.

"Mjomba, mpeni anuse kwanza. Aniambie ni nini."

Fiifi akanusa, machozi yakamtoka.

"Ni cha kweli."

"Huna cha kutengeneza baadaye?"

"Sina."

"Basi kipokeeni."

Mjomba akamwaga, ardhi ikanywa, vigelegele vikapasua ua. Joost akamvuta Fiifi shati kama siku ile.

"Amesema nini?"

Fiifi alifungua mdomo, na mwongoza watalii mzima akakosa neno. Ikabidi Mjomba Kwansa ndiye atafsiri.