Móra na Kibandiko cha Dukani

Siku mbili baada ya Krismasi, nusu ya watu wa Reykjavík, mji mkuu wa Iceland, huwa kwenye foleni ya duka la vitabu. Mkesha wa Krismasi kila mtu hupewa kitabu, na kwa kuwa wote hununua kile kile kilichosifiwa mwaka huo, vitabu hugongana. Ndiyo maana duka hubandika nyuma ya kila kitabu kibandiko kidogo cha kubadilishia, mwisho tarehe kumi Januari. Katika foleni hiyo ndipo Sólrún alipomwona Hlynur, kifua kipana ndani ya sweta la sufu, kakumbatia vitabu vitatu vya aina moja.

"Vitatu?" alishindwa kujizuia. "Unafungua maktaba?"

"Mama, dada na shangazi. Hawakushauriana."

"Kwani hukuwaambia unachotaka?"

"Niliwaambia nataka soksi."

Sólrún alicheka mpaka kofia yake nyekundu ikamwangukia usoni. Kabla hawajafika kaunta walikuwa wameshapeana namba za simu.

Wakapendana mwaka mzima bila kificho. Hlynur ni fundi mabomba mwenye viganja kama sepetu. Sólrún huchora picha za vitabu vya watoto, na mwaka huo alikuwa anatunga cha kwake cha kwanza: habari za Móra, kondoo wa kahawia anayegawa sufu yake kwa kila mwenye baridi mpaka anabaki uchi kwenye theluji. Kila ukurasa ulipokauka rangi alimsomea Hlynur, naye alisikiliza akiwa amekaa sakafuni, buti miguuni. Wachapishaji wanne walikikataa. Mmoja alisema kondoo huyo anahuzunisha mno. Sólrún akazishona kurasa kwa mkono, akazitia jalada gumu, ikawa nakala moja tu duniani. Krismasi ilipofika akampa Hlynur.

Aliitoa kwa moyo mweupe, ila hajui kufunga zawadi. Aliipeleka dukani ifungwe, siku ambayo watu wamejaa hadi mlangoni, na binti wa kaunta, mikono ikienda yenyewe, akabandika kibandiko nyuma ya jalada kabla ya kuviringisha karatasi.

Hlynur alilia alipoifungua. Kesho yake akaipeleka kwa mama yake, Sigurlaug, kwenye chakula cha nyama ya kondoo ya moshi, ili amwonyeshe mpwa wake. Akala, akashiba, akaisahau juu ya rundo la zawadi. Ujue kwamba Sigurlaug ni mwanamke asiyependa kuacha kazi nusu.

"Mama, kitabu changu cha kondoo kiko wapi?" Hlynur alimpigia simu tarehe ishirini na saba, mchana.

"Nimekibadilisha asubuhi. Baba mzima wa miaka thelathini na tatu na kitabu cha picha! Nimekuchukulia cha upelelezi."

"Mama!"

"Kina kibandiko, mwanangu. Chenye kibandiko kinabadilishwa. Sasa nimekosa nini?"

Hlynur alikimbia dukani bila koti. Kitabu hakikuwepo, na kwa umati ule hakuna aliyekumbuka kimechukuliwa na nani.

Kilichukuliwa na Sólrún. Alikuwa amekuja kubadilisha riwaya aliyopewa mara mbili, akamkuta Móra wake amelala kwenye meza ya vitabu vilivyorudishwa. Alisimama pale watu wakimpiga vikumbo, machozi yakimlengalenga. Kisha akaiweka riwaya kaunta, akamchukua Móra badala yake, na akiwa mlangoni akamtumia Hlynur ujumbe: "Furahia ulichobadilisha."

Simu kumi na moja aliziacha zikilia. Ya kumi na mbili akapokea.

"Mpenzi, nisikilize. Ni mama ndiye..."

"Usimsingizie mama wa watu! Kama hukukipenda ungeniambia."

"Nilikipenda, Sólrún. Nitakutafutia. Nakuapia."

"Hutakipata," alisema, akakata.

Nampenda Sólrún, lakini hapo alikosea. Kitabu kilikuwa mkobani mwake, begani kwake, naye akamwacha mwenzake ahangaike. Na Hlynur alihangaika kweli. Alitembelea maduka yote ya vitabu, akabandika matangazo kwenye mabwawa ya kuogelea, akauliza katika kila nyumba aliyokwenda kuziba bomba. Siku ya tano akaona amezunguka vya kutosha.

"Kama hakipatikani," alimwambia mama yake, "nitakitengeneza."

"Wewe? Hata ramani ya choo huwezi kuchora!"

"Nitakitengeneza, mama."

Kila alipotoka kazini aliketi mezani kwa Sigurlaug na penseli ya fundi na rangi za mpwa wake. Alichora, akafuta, akachora tena.

"Huyo ni kondoo au kiazi?"

"Kondoo."

"Basi mpe miguu, maskini."

Sigurlaug hakuomba radhi kwa mdomo. Ila kila siku alimchongea penseli zote, na aliposhindwa kulala kwa majuto alizishona kurasa kwa uzi wake mzuri wa sufu.

Tarehe kumi Januari ikaangukia Jumamosi. Kila Jumamosi asubuhi Sólrún huketi kwenye kidimbwi cha wazi cha maji moto mtaani kwao, maji shingoni, kofia nyekundu kichwani, pamoja na Mzee Torfi na wenzake wanaobishana siasa. Hlynur alijua kwamba humo hakuna simu ya kukata. Akatokea mvuke ukifuka, theluji ikimwangukia mgongoni, kavaa kaptula ya kuogelea tu, mfuko wa plastiki mkononi.

"Vitabu haviingii majini," Mzee Torfi alionya.

"Hakitagusa maji, mzee." Akaketi ukingoni akitetemeka. "Sólrún, usiondoke. Nikimaliza utanifukuza."

Akasoma. Móra akampa kunguru sufu, akampa mbweha, akampa hata jiwe lililolalamika kwamba ni la baridi. Viazi vyake vikapita kimoja kimoja, vyenye miguu. Wabishi wote wakasogea ukingoni. Ukurasa wa mwisho ulisema: "Móra hakuuliza sufu yake imekwenda wapi. Ilimtosha kujua kwamba mahali fulani kuna joto."

Sólrún aliyajua maneno hayo, aliyaandika yeye. Na kwa wiki mbili hakufanya kingine ila kuuliza zawadi yake imekwenda wapi. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Umeyaandika yote kwa kichwa?"

"Si ulikuwa unanisomea? Nilikuwa nasikiliza."

"Kiazi kile cha mwisho kimenigusa," alisema Mzee Torfi, akipangusa macho.

Ndani, kwenye ukumbi wa bwawa, nywele zikiwa bado zinachuruzika, Sólrún alifungua mkoba akatoa kitabu chake. Hlynur alikitazama, kisha akamtazama yeye.

"Ulikuwa nacho?"

"Tangu siku ile ile."

"Nimezunguka mji mzima!" Aliketi kwenye benchi, uso umemshuka. "Mji mzima, Sólrún."

"Najua. Nilikupa, kisha nikakuchunga kama mwizi. Nisamehe." Akapiga magoti mbele yake kwenye vigae vilivyolowa. "Leo tarehe ngapi?"

"Kumi."

"Basi bado wanabadilisha." Akamwekea kitabu chake mapajani, akachukua kile cha viazi, akakikumbatia kifuani. Kisha akakibandua kibandiko, akakikunjakunja, akakitupa kwenye pipa. "Nioe, Hlynur. Na hapo hakuna kurudisha."

"Sema ndiyo, kijana," Mzee Torfi alipaza sauti mlangoni, taulo kiunoni, "watu tunapigwa na baridi!"

Hlynur alimwinua, akambusu kwenye nywele zilizolowa.

"Ndiyo," alisema. "Ila pete tusiipeleke dukani kufungwa."