Vipira vya Injini ya Marehemu

Mnaonijua mnajua kwamba si kawaida yangu kuingilia nyumba za watu. Lakini nyumba hii tunagawana ukuta, ukuta wenyewe mwembamba, na aliyeolewa upande wa pili ni mdogo wangu wa tumbo moja. Kwa hiyo nitasema, na atakayenuna anune akiwa kwake.

Asubuhi hiyo palikuwa pametulia. Mdogo wangu alikuwa barazani anamsuka mama mkwe wake, ambaye sote tunamwita Bibi. Redio ilikuwa inasoma habari kwa sauti ya chini, na mimi niko mlangoni na cherehani yangu. Bibi alikuwa anatusimulia kisa cha mtu aliyeibiwa jogoo akamsikia anawika kwa shemeji yake, tukawa tunacheka hadi machozi. Katikati ya kisa akanyamaza, akageukia uani, akasema kwa adabu zake zote, "Karibu baba, mbona umesimama juani?" Tukatazama. Hapakuwa na mtu. Lilikuwa koti la mwanawe, limeanikwa kambani.

Macho ya Bibi yalikuwa yanafifia tangu mvua zilizopita. Muuguzi wa zahanati alimpima, akasema ni presha ya macho, tena akaeleza taratibu ili kila mtu aelewe: ugonjwa huu ukishakula jicho, kilicholiwa hakirudi. Bibi apelekwe upesi hospitali ya ng'ambo ya ziwa, ambako madaktari wa macho huja mara mojamoja. Boti ya abiria inavuka kila asubuhi. Kazi ilikuwa kupanda tu.

Sasa mwenye mama ndiye mume wa mdogo wangu, shemeji yangu Kinyozi. Mtu mpole, hanywi, hagombani, na kwa kuchonga ndevu hana mpinzani mtaani. Alipoambiwa habari za macho alisikitika kwelikweli. Akaingia stoo, akatoka amekumbatia injini ya boti ya marehemu baba yake, akailaza juu ya meza ya kulia chakula. Akatangaza kwamba mama yake hatavuka amebanwa na magunia ya watu. Atavuka kwa injini ya mzee, ile ile iliyowalisha na kuwasomesha. Ataifufua kwanza, ndipo waende.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Injini za namna ile zina mguu, ile sehemu ya chini inayozama majini. Humo ndimo mna gia, panga la kusukuma maji, na pampu ndogo inayovuta maji ya kupoza injini. Kinyozi alianza na mguu, na haki yake nampa, alianza vizuri. Alifungua skrubu ili amwage oili, kikatoka kitu cheupe kizito kama maziwa yaliyoganda, maana yake maji yalikuwa yameingia kwenye gia. Akachomoa panga, nyuma yake akakuta uzi wa kuvulia umejisokota hadi umekata sili, kile kipira cha kuzuia maji. Akafungua pampu, akakuta gurudumu lake la mpira limekauka, mabawa yamelala upande mmoja. Hata mimi mshona nguo niliona kuwa mpira ule ulishakufa.

Kilichobaki kilikuwa kubadilisha vipira, kujaza oili mpya na kufunga. Wapi. Bwana akaanza kusugua. Alisugua kwa msasa, akasugua kwa mswaki, akafika mahali pa kupangusa gia kwa brashi yake ya kupakia povu la kunyolea. Meza ikawa ya injini, watu wakala mkekani. Bibi akajikwaa kwenye kopo la rangi, akaambiwa aangalie anapokanyaga. Hebu fikirini hilo neno, mwenye kuambiwa aangalie ni nani.

Mdogo wangu ndiye aliyemtilia mama wa watu matone, ndiye aliyemshika mkono kwenda chooni. Kila akiuliza safari ni lini, jibu lilikuwa bado kidogo. Madaktari wakaja ng'ambo, wakatibu watu, wakaondoka, na sisi huku tunasubiri rangi ikauke. Sitii chumvi. Rangi ikauke.

Mdogo wangu aliposema atampeleka yeye mwenyewe kwa boti ya abiria, Bibi ndiye aliyekataa. Alituomba tumwache kijana, tangu baba yake afe hajamsikia akiimba akiwa kazini, na sasa anaimba. Nilimwambia Bibi wazi kuwa huruma ya namna hiyo itamponza. Akacheka, akanishika shavu. Nilirudi kwangu nimevimba kwa hasira.

Mwishowe mdogo wangu alikwenda duka la spea, akarudi na vipira vipya, akamkabidhi mumewe mkononi.

"Vile ni vya kutupa, mume wangu. Muuzaji amesema mpira haufufuliwi, unabadilishwa."

"Vile alivifunga baba kwa mkono wake," Kinyozi akasema. "Nikivitoa itakuwa injini ya nani?"

"Itakuwa injini inayotembea."

Akachukua msasa wake, akaendelea kusugua. Siku ya kufunga mguu mkewe alimuuliza kama ameweka vile vipya, akasema kazi imekamilika, asiwe na wasiwasi. Kumbe vile vya zamani alikuwa amevilainisha kwa mafuta ya nywele ya kinyozini, akavirudisha vinang'aa.

Madaktari waliporudi ng'ambo, na jina la Bibi likiwa limeandikishwa kwa asubuhi hiyo, tulishuka ufukweni. Boti ya marehemu ikasukumwa majini, injini ikavutwa kamba, ikanguruma. Watu wakapiga makofi. Shemeji akanitupia jicho la kusema je, shemeji wa maneno mengi, umeona? Nilipanda nikamshika Bibi upande mmoja, mdogo wangu akamshika upande wa pili, tukaondoka.

Tulikuwa hatujafika hata katikati ya ziwa wakati kale kamkondo ka maji kanakotoka ubavuni mwa injini, kanakoonyesha kwamba pampu inavuta, kalipoanza kudondoka matone. Kisha kakakauka. Tukasikia harufu ya rangi inayoungua. Injini ikakoroma, ikakaza, ikanyamaza. Kinyozi akavuta kamba hadi ikamkatikia mkononi. Boti ya abiria ilikuwa imeshatupita zamani, wamo na magunia yao, wanakwenda.

"Vile vipya viko wapi?" mdogo wangu akauliza.

"Kabatini."

Ni Bibi aliyeuliza ni vipira gani hivyo. Kinyozi akamweleza kwamba hakuweza kutupa kitu ambacho mkono wa baba ulikigusa.

"Baba yako alikuwa akivitupa kila mwaka," Bibi akasema. "Alivinunua dukani, akavifunga huku analalamikia mgongo, na vya zamani akavitupa. Kama unataka kitu alichokishika baba yako, nishike mimi. Niko hapa."

Akamnyooshea mkono. Akaunyoosha upande ambao mwanawe hakuwepo.

Boti ya kubeba mchanga ilitukokota hadi ng'ambo, jua limeshageuka, na madaktari walikuwa wamefunga vifaa. Tulikuja kuwapata safari yao iliyofuata, na mara hiyo tulipanda boti ya abiria. Magunia yalikuwepo. Hakuna lililomuua mtu. Daktari alimpima Bibi kwa muda mrefu, akasema jicho la kushoto limekwisha kabisa, la kulia limebaki kidogo na wataling'ang'ania. Kinyozi akauliza ingekuwaje kama wangewahi ile mara ya kwanza. Daktari akamtazama, akamwambia bila ukali kwamba la kushoto bado lingekuwa linaona. Shemeji yangu alilia pale pale mbele ya wagonjwa, na mimi, pamoja na hasira zangu zote, nikalia naye.

FUNZO

Ndugu zangu, wengi wetu tuna injini mezani. Mwingine anajenga kaburi la marumaru na mjane wa marehemu analala chini ya bati linalovuja. Mwingine anaandaa sherehe ya kumtukuza baba na mama hana dawa. Tunaita heshima. Marehemu hana haraka, na hakuna tunachoweza kumcheleweshea. Mzazi aliye hai ndiye anayesubiri, tena anasubiri kwa upole, na upole wake tunaufanya ruhusa ya kuchelewa. Usiungoje mpango mzuri zaidi, usingoje hata yeye akuombe, kwa sababu mama wengi hawaombi. Mpeleke leo, kwa chombo kilichopo.