Ujumbe wa Nane

Saa nne kamili asubuhi, sauti ya mtu aliyekufa miaka ishirini na miwili iliyopita ilitanda juu ya jiji la Mbeya.

"Tuse wangu, hata nikiwa mbali namna hii, nyumbani kwangu ni wewe."

Uwanjani, maelfu ya wapenzi waliovaa nguo nyekundu walikumbatiana. Hivyo ndivyo Siku ya Wapendanao ilivyofunguliwa kila mwaka.

Tuse mwenyewe, yaani Tusekile, alikuwa ameketi jukwaani, akitabasamu kama alivyozoea. Sauti ile ilikuwa ya mumewe Ambakisye, rubani wa chombo cha anga kilichoteketezwa na dhoruba ya jua karibu na sayari ya Mirihi. Ujumbe wake wa mwisho ulifika duniani umekatikakatika. Mashine iitwayo kijazasauti, iliyokuwa imefundishwa barua na mazungumzo yake yote, ikaziba mapengo. Nchi nzima iliusikia, ikalia, na mwaka uliofuata watu wakaanza kuoana tarehe hiyo hiyo.

Ngoma zilipoanza, mwanamke mmoja alimwinamia. Alikuwa Nasra, fundi wa Hifadhi ya Sauti.

"Shikamoo, mama. Naomba tuzungumze faragha."

Walikwenda kwenye chumba cha Hifadhi, nyuma ya uwanja. Nasra alifunga mlango, lakini hakukaa.

"Mama, tuna mashine mpya, kichimbasauti. Ile ya zamani ilikuwa inakisia tu palipokatika. Hii haikisii. Inachimba sauti halisi ndani ya kelele." Aligusa mashine iliyokuwa mezani. "Nimeupitisha humo ujumbe wa mzee. Hakuna mwingine aliyeusikia."

"Niwekee."

Sauti iliyotoka ilikuwa imekauka, ya mtu aliyekosa usingizi.

"Tuse... hata neno moja? Nipo mbali namna hii, na huu ni ujumbe wa nane. Kama hunitaki tena nyumbani kwako, niambie tu."

Kisha kelele, kisha kimya.

Tusekile alishika ukingo wa meza. Miaka yote hiyo ile sentensi ya mashine ndiyo iliyomshikilia, kwamba Amba alikufa akijua anapendwa.

"Alisaini safari ile bila kuniambia," alisema polepole. "Mlangoni nilimgeuzia mgongo. Akatuma ujumbe mara saba akiwa njiani, sikuufungua hata mmoja. Nilisema, acha naye aonje. Nilinyamaza siku kumi na moja, Nasra! Nilitaka tu aonje."

Nasra alikuwa analia. "Mimi na mume wangu tulifunga ndoa siku hii, mama."

"Kwa nini mliichagua?"

"Tulisema, huyu mtu alikuwa anakufa, na bado alikuwa anamwita mkewe."

"Basi hamkudanganywa," Tusekile alisema. "Aliniita kweli. Mimi ndiye sikuitika."

"Tufanye nini? Ukisema neno, nitaufuta."

"Usiufute. Watu wausikie kama ulivyo. Anayesherehekea mapenzi na ajue kuna mtu alisubiri jibu mpaka akafa."

Alifungua mkoba, akatoa simu kuukuu iliyokwaruzika kioo. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiichaji kila wiki bila kuthubutu kuigusa zaidi ya hapo. Kwenye kioo zilionekana jumbe saba, zote hazijafunguliwa.

"Kaa na mimi," alimwambia Nasra. "Peke yangu sitaweza."

Akabonyeza wa kwanza. Sauti ya kijana wa miaka thelathini na mitatu ikajaa chumbani, changamfu, yenye kicheko ndani yake.

"Tuse! Najua umenuna. Una haki, mke wangu, nilikosea. Nuna mpaka uridhike. Ukimaliza, niambie. Mimi nipo, nasubiri."

Tusekile, mwenye mvi na miaka hamsini na sita, aliisogeza simu karibu na midomo yake.

"Nimemaliza, Amba," alisema. "Nimemaliza."