Lebo ya Roy Bamber

Haya nimeyapata kwa Sheila Entwistle, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke asiyeamini hata utabiri wa hali ya hewa. Ukitaka kubisha, kambishie yeye.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida sokoni Accrington, kaskazini mwa Uingereza. Nje kulikuwa na mvua ile isiyonyesha wala isiyokatika, imeganda tu mjini kama shemeji asiye na kwao. Mumewe Sheila, Clifford, alikuwa kwenye kibanda chake cha makoti ya jeshi, chai inapoa, miguu imevimba, amechoka. Na huo haukuwa uchovu wa siku moja. Ulikuwa uchovu wa mtu aliyemaliza ujana na utu uzima wake akiwaambia watu wasichotaka kusikia.

Maana kazi yake hasa ndiyo hiyo. Watu walimletea parka, yale makoti marefu ya kijani yenye mkia uliopasuka nyuma kama wa samaki, ambayo jeshi la Marekani liliyashona kwa baridi ya Korea na vijana wa Lancashire wa zile pikipiki ndogo za skuta wakayafanya vazi la kutokea. Kila mmoja aliapa kuwa la kwake ni halisi. Clifford aligeuza, akanusa, akaguna.

"Hili la kiraia, kipenzi," alimwambia kijana mmoja asubuhi hiyo; kila mteja kwake alikuwa kipenzi. "Bitana nyekundu, mfuko wa simu ndani. Askari wa Korea alikuwa anampigia nani?"

"Lakini limenikaa vizuri!"

"Ndiyo ubaya wake. La jeshi lilivaliwa juu ya koti, juu ya sweta, juu ya woga. Saizi ndogo ya jeshi unaingia wewe, mama yako na kochi."

Kwenye kibanda cha pili, Wilf muuza soseji za damu alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Cliff, wewe hata bibi harusi ungemwambia si halisi!"

"Uzi wake ukiwa wa poliesta, nitamwambia."

Za kiraia zilikuwa rahisi. Zilizomtoa jasho ni zile nakala zilizoshonwa kwa makusudi ya kudanganya: kitambaa sawa, mkia sawa, zipu ya chuma. Hapo alichomoa uzi mmoja kwenye pindo akauwasha kiberiti. Wa pamba huwa jivu jepesi, ukilipuliza limekwenda. Wa poliesta huyeyuka, ukajikunja, ikabaki punje nyeusi ngumu kama kichwa cha pini. Akishaiona punje, alichukua mkasi akaikata lebo ya shingoni, asije mwingine akauziwa uongo uleule. Yakabaki mashimo ya sindano, mstatili mtupu. Soko zima lilijua kwamba Cliff akikata lebo, kesi imekwisha. Hakuwahi kudanganya.

Mchana akaja Noreen Bamber na mfuko wa plastiki.

Mumewe, Roy, alikuwa rafiki wa Clifford wa enzi za skuta. Alikufa kijana, kwenye kona ya barabara ya Burnley, na Clifford alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Tangu hapo Noreen aliishi peke yake katika nyumba ileile.

Alilitoa koti mfukoni akaliweka mezani. Lilikuwa limelowa chapachapa.

"Niambie ni feki," alisema.

Clifford alidhani amesikia vibaya. Hakuna aliyewahi kumwomba hivyo.

"Nilitoka kanisani Jumapili, nikalikuta kwenye ndoano mlangoni, kwa ndani. Nikasema ni mchezo wa watu. Nikalitupa pipani. Jana likarudi." Sauti ilimshuka. "Roy tulimzika nalo, Cliff. Ulikuwepo. Nilimfunga zipu mwenyewe mpaka kidevuni."

"Nilikuwepo, kipenzi."

"Kama ni nakala, basi ni utundu wa mtu. Nitabadilisha kitasa, nitalala. Kama ni lenyewe, siwezi kurudi mle ndani. Na sina kwingine."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Clifford alianza ukaguzi akiomba koti lishindwe.

Zipu ilikuwa ya chuma, meno yamelika kwa miaka. Sawa. Kamba za mkia zilikuwa za pamba. Sawa. Lebo ilikuwa imefifia, haisomeki, kama inavyotakiwa. Lilikuwa pana kama hema. Alilinusa. Petroli ya skuta, na chini yake udongo.

"Mfuko wa kulia," Noreen alinong'ona. "Ulipasuka, nikaushonea kwa sufu ya bluu ya soksi zake. Sijathubutu kutia mkono."

Clifford akatia.

Sufu ilikuwepo, mafundomafundo, vibaya vilevile alivyoshona Noreen siku zote. Lakini hiyo siyo iliyomkata pumzi. Koti zima lilikuwa baridi na maji. Mfuko ulikuwa mkavu. Na una joto. Joto la mfuko ambao mkono umetoka sasa hivi.

Alitoa mkono wake polepole. Akachomoa uzi kwenye pindo. Akawasha, mabaki yakaangukia kiganjani mwake.

Jivu. Jepesi. Pamba tupu.

Alimtazama Noreen, koti alilovaa limefungwa vifungo vilivyopishana, macho mekundu kwa kukesha. Clifford akafumba kiganja.

"Punje," alisema. "Ngumu. Hii ni nakala, Noreen. Tena mbaya."

"Na sufu?"

"Hamna sufu."

"Niapie."

Hakuapa. Alichukua mkasi.

Ulipoanza kuuma shingoni mwa koti, nywele za kisogo zilimsimama. Uzi ulikatika. Mwingine. Mwingine. Na hapo, karibu kabisa na sikio lake, mtu alivuta pumzi. Noreen alikuwa mbele yake, mdomo umefumbwa. Wilf alikuwa amekwenda kununua chai.

Lebo ikatoka. Noreen alilia kidogo, akamshika mkono, akaenda zake akitembea kama aliyetuliwa gunia.

Clifford alilitundika koti kwenye safu ya nakala, lebo akaitia mfukoni. Alipokuja kufunga kibanda, henga ilikuwa tupu. Inayumba. Mfukoni mwake hamkuwa na lebo.

"Wilf, umeuza parka hapa?"

"Mimi nauza damu, Cliff. Maruhani ni idara yako."

Alhamisi Noreen alileta keki za zabibu kavu. Ndoano ilikuwa tupu siku mbili. Amelala kama mtoto, na kitasa kipya amekitia mafuta. Wilf akasema mjane akikuletea keki, mkeo akufungie ndani. Wakacheka wote watatu. Clifford alicheka huku anajikuna shingo.

Jumamosi, baada ya chakula, Sheila alimkalisha jikoni kumkata nywele kama kawaida yao. Alikuwa anamsimanga upara, mara akanyamaza. Sheila kunyamaza si jambo dogo. Mtaa mzima huchungulia.

"Nani kakushona wewe?"

"Nini?"

"Hapa kisogoni. Una mashimo."

Clifford alipeleka vidole nyuma. Aligusa polepole, upande hadi upande, kona hadi kona. Tundu, tundu, tundu. Madogo, yamepangika vizuri, kama kazi ya cherehani. Mstatili.

Akajikuna palepale.

"Kola inanikwaruza," alisema. "Malizia, mama. Nimechoka."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho Sheila kumsikia akisema amechoka.

Alizifagia nywele akazitupa kwenye jiko la makaa. Hazikunuka nywele. Zilinuka kama ndoo ya plastiki iliyosahauliwa motoni. Asubuhi alipomwaga majivu, kitu kilichakarika kwenye sinia la majivu. Punje nyeusi. Ngumu. Kama vichwa vya pini. Nyingi.

Hakumwonyesha. Alizificha kwenye kopo la vifungo. Mimi nimezishika, moja niliiuma, jino langu likasalimu amri.

Clifford yupo, mzima. Anakwenda sokoni, anatania na Wilf. Miguu haimvimbi tena. Na mashati yake, yale yaliyombana tumbo na kumpwaya mabegani miaka yote, siku hizi yanamkaa vizuri. Vizuri mno.

Jioni moja alimkuta Sheila anamkodolea macho.

"Mbona unaniangalia hivyo, kipenzi?"

"Nakuangalia tu," Sheila alimjibu. "Ni wewe yuleyule. Halisi."

Na chini ya meza, punje ikiwa ndani, akafumba kiganja.