Meya Aliyemkalia Estella

Kama una roho ya kuku, ishia hapa. Wengine, twende.

Ladislas, fundi fanicha wa mtaa wa Umbilo, alileta nyumbani kiti cha mbao nyeusi kutoka nyumba ya bibi mmoja wa Kijerumani aliyefia mtaa wa Queensburgh. Mikono ya kiti ilichongwa vichwa vya simba. "Mke wangu atakaa kama malkia!" alijigamba, maana huyu bwana kwa majigambo hana breki. Estella akakaa. Kidole chake cha shahada kikaanza kutembea juu ya simba, taratibu, kushoto kwenda kulia, kama anaandika.

"Unafanya nini?"

"Mi sifanye kitu, cheri. Iko inatembea yenyewe."

Chumba kikaanza kunuka mshumaa uliozimwa, na mshumaa hawakuwa nao. Estella akaacha kula, akagoma kutoka kitini, akabaki mifupa. Kifuani mwake akakohoa mzee.

Atuganile, jirani Mtanzania, akanong'ona: "Shemeji, huyo jini msomi. Tafuta wa kumfukuza, ila asimhoji. Msomi ukimpa nafasi ya kusema, umekwisha."

Nani amsikilize? Jumapili mchana Ladislas akamleta Pasta Anaclet wa Overport, maikrofoni yake mkononi. Kanisani kwake pepo hatoki mpaka atoe ushuhuda kwenye maikrofoni, waumini wapige makofi.

"Pepo! Jina lako nani? Umetoka wapi?"

Estella akatabasamu. Loo, pasta, umeuliza!

"Joachim Wendel," sauti ya mzee ikajibu. Usiniulize Kiswahili alijifunzia wapi, jini hahitaji shule. "Meya wa mji wa bandari, Ujerumani, zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Baba yangu aliua mtu, nikakua natemewa mate, nikasoma sheria ili zamu ya kutema iwe yangu, nikapanda mpaka kiti hiki, na kila aliyewahi kunicheka nikamwandika katika historia ya mji, huyu mwizi, yule mzinzi, hata waliokuwa wema, wajukuu wao wakasoma wakainamisha vichwa, na nilipokufa wino ulikuwa bado haujaniishia. Sasa nahoji mimi. Pasta, yule mjane wa kwaya uliyemwahidi ndoa, bado anangoja?"

Pasta alishuka ngazi kama mbuzi. Maikrofoni hakuisahau.

"Ladislas," sauti ikasema kwa upole, na upole ule ulitisha kuliko ukali, "nahitaji mkono mmoja tu wa kuandikia. Huu unakufa leo. Kaa wewe, nimwachie mkeo."

Ladislas akatazama kiti, akatazama mbavu za mkewe zikihangaika chini ya kitenge, akakumbuka alivyotangaza Umbilo nzima kwamba kwa Estella angekanyaga moto, akasogea, akarudi, akafuta jasho, akasogea tena nusu hatua huku Atuganile akimsukuma mgongoni na kulia, "Kaa, shemeji, anakufa, kaa!", na mdomo wake ukafunguka ukasema:

"Ngoja kwanza. Nifikirie."

Mzee akacheka mpaka kiti kikatikisika. "Inatosha. Mume alifikiri. Hilo nitaliandika vizuri."

Estella akateleza sakafuni, akafumbua macho, macho yake mwenyewe. Harufu ikakatika. Ladislas akakipasua kiti kwa shoka, kisha akatunisha kifua.

"Eish! Si nilisema? Kwangu jini hakai!"

Estella akainuka, akamkumbatia kwa mikono miwili, kwa nguvu ambayo mgonjwa hana.

"Cheri," akamnong'oneza, kwa sauti yake ileile tamu, "nilikuwa nasikia yote."

Na mgongoni mwa Ladislas, juu ya shati, kidole kikaanza kutembea, taratibu, kushoto kwenda kulia.