Utando Mweupe Mdomoni mwa Fundi

"Vuta hapo kwenye kona," fundi wa makochi alimwambia mkewe.

Mama Pacha akavuta kitambaa mpaka kikalala vizuri juu ya sponji. Fundi akachota misumari midogo kwenye kopo. Mkono ukaenda moja kwa moja mdomoni.

"Baba Pacha."

Mkono ukasimama hewani.

"Mkono umesahau," alisema fundi.

"Mkono hausahau. Mwenye mkono ndiye anayesahau."

Tangu ujana, fundi alibana misumari kwa midomo, akiitoa mmoja mmoja. Mazoea yana taabu. Ndani ya mdomo wake wa chini kiliota kinyama. Kila alipokula alikiuma, nacho kikazidi kukua. Juzi, kwenye kliniki ya meno, daktari alikitoa kwa leza, yaani mwanga mkali unaokata nyama, akakipeleka maabara kupimwa. Damu ilitoka kidogo tu, wala fundi hakushonwa. Kwa furaha hiyo, maelekezo ya daktari aliyasikia nusunusu.

"Hebu niangalie," alisema sasa. "Pananiuma kidogo."

Mama Pacha akamsogeza mlangoni penye mwanga, akaufunua mdomo wake. Pale palipokatwa palikuwa peupe, na umanjano kwa mbali.

"Usaha huu, baba. Mdomo unaoza."

Akachukua kitambaa safi, akakichovya kwenye chumvi.

"Nipakwangue patoke uchafu wote. Jikaze."

"Mara ngapi nimekalia misumari? Kwangua," alisema fundi, akafumba macho.

"Shemeji, unasuguliwa kama sufuria?"

Alikuwa jirani yao, muuguzi wa kliniki ileile, amekuja kuulizia kiti chake.

"Kuna usaha, dada," Mama Pacha alijibu.

Muuguzi akanawa mikono kwa sabuni, akaangalia taratibu. Hakuwacheka.

"Huu si usaha. Ukijikata mkononi, kidonda kinafunikwa na nini?"

"Kigaga."

"Na mdomoni mna mate muda wote. Kigaga kitakauka vipi? Ndiyo maana kinakuwa laini na cheupe. Huu utando ndio unaofunika kidonda. Ukiukwangua, damu itatoka na kidonda kitaanza upya."

Mama Pacha akakitazama kitambaa mkononi mwake, akakiweka kando.

"Sasa nifanye nini?" fundi aliuliza.

"Uache. Sukutua polepole kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, hasa ukimaliza kula. Meno piga mswaki, ila pale usipaguse. Kula vyakula laini, visiwe vya moto. Pilipili, ndimu na sigara weka mbali."

"Na misumari?"

"Misumari usiitie mdomoni hata ukipona. Ndiyo iliyokuletea balaa."

"Tutajuaje pakiharibika?" aliuliza Mama Pacha.

"Damu ikikataa kukoma hata mkipabana kwa kitambaa safi. Homa. Uvimbe au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Harufu mbaya. Hapo msinisubiri mimi, njooni kliniki."

Siku zilizofuata, fundi alikula uji uliopoa na viazi vya kupondwa, akinung'unika kwamba wamemrudisha utotoni. Mama Pacha alimwangalia mdomo kila asubuhi, na hakugusa kitu. Utando ukapungua, ukatoka wenyewe. Chini yake palikuwa na nyama changa, nyekundu laini. Aliporudi kliniki, daktari aliridhika. Majibu ya maabara nayo yalikuwa mazuri: kinyama kile hakikuwa na ubaya.

Fundi akatoa sumaku kwenye spika mbovu, akaifunga kwenye kifundo cha mkono kwa mkanda. Misumari ikanata hapo, akawa anaichomoa bila kutafuta.

Tatizo lilikuwa moja. Mdomo ulipokuwa umejaa misumari, fundi alikuwa kimya. Sasa anapiga soga toka asubuhi hadi jioni.

"Kochi la muuguzi... hapana, kiti cha muuguzi, hili kochi ni la mwalimu... nimekwambia tulivyopatana bei?"

"Mara nne," alisema Mama Pacha, akikunja kitambaa kilichobaki. "Funga mlango, mwanga umeisha. Mgongo wa kochi kesho, na hadithi hiyo pia kesho."